Kidd ana akili, sawa, ila nani anapiga deki?

Mhariri habari za kazi. Wiki hii mmetuuliza, nyota wa kikapu akistaafu akawa kocha tumpime kwa matokeo au kwa tabia yake, na mfano mkaweka Jason Kidd. Asanteni kwa kutuchonganisha, maana pale kijiweni kwetu hili swali lina miaka zaidi ya kumi na halijaisha, kuna washkaji wawili wanasalimiana vizuri tu mpaka jina la Kidd litajwe.

Mi naanza na ile soda maana kila kitu kipo mle. Tarehe 27 Novemba 2013, Kidd kaacha kucheza mwezi wa sita mwaka huohuo, hajakaa hata wiki mbili mtaani Nets, timu ya Brooklyn kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, wakampa timu aongoze. Wanacheza na Lakers pale Brooklyn, zimebaki sekunde 8.3, Nets wapo nyuma, taimuauti, yani zile nafasi za kocha kusimamisha mechi aongee na timu, zimekata. Jamaa kashika kikombe cha soda, Tyshawn Taylor anarudi benchi, Kidd anamsogelea njiani na kwenye kamera midomo unaisoma kabisa anamwambia dogo "nigonge", dogo anamgonga, soda chwaa sakafuni. Mechi ikasimama watu wa mataulo waje wafute, na wao wakiwa wamepiga magoti wanafuta kocha msaidizi yupo na kibao anawachorea wachezaji mpira utapitaje. Taimuauti ya bure hiyo. Paul Pierce akapewa mpira wa pointi tatu, akakosa, wakafa 99-94.

Utamu upo baada ya mechi. Waandishi wanamuuliza vipi tena, anajibu kikombe kilimponyoka, mikono ilikuwa na jasho, na kwamba yeye hajawahi kuwa mzuri na mpira mkononi. Mtu mwenye asisti, yani pasi zinazozaa kikapu, 12,091! Wakati anastaafu aliyekuwa juu yake ni John Stockton peke yake. Mi nilicheka mpaka nikapaliwa. Ligi haikucheka, kesho yake ikamkata dola 50,000.

Hapo ndo watu wanagawanyika. Upande mmoja wanasema hiyo ni akili, mbona alivyokuwa anacheza alikuwa anawadanganya mabeki kwa macho, anatazama kulia pasi inaenda kushoto, na mlikuwa mnasimama kwenye viti kumshangilia, leo kaivaa suti ujanja uleule mnauita tabia mbaya. Na kusema kweli hoja ina miguu. Upande wa pili wanasema mchezaji anamdanganya mpinzani, kocha alidanganya kila mtu ukumbini alafu akaenda kudanganya na waandishi.

Mi nipo tofauti kidogo na wote. Mi namwangalia Taylor, dogo wa mwaka wa pili kwenye ligi anayekaa mwisho wa benchi, na nawaangalia wale waliopiga magoti na mataulo. Ujanja ni wa bosi ila deki anapiga mwingine.

Nina sababu ya kuwa na kinyongo na hiki kitu. Nilipokuwa nacheza mtaani tulikuwa na kocha, zamani alikuwa moto kweli, wazee wakimwona wanasimama kumpa mkono. Huyu alitufundisha kwamba taimuauti zikiisha mmoja aanguke ashike goti. Siku moja kaanguka dogo wetu mmoja mwembamba, miaka 16, refa akashtukia, akampa dogo tekniko, ile faulo ya utovu wa nidhamu, na dogo akageuka kumtazama kocha kama mtu anayesubiri mzee wake amtetee. Kocha akawa anatazama paa la uwanja kana kwamba popo wamempotezea hesabu. Yule dogo hakurudi mazoezini. Kwa iyo kila nikiiona ile video ya soda namwona yeye.

Sasa ukishavaa hiyo miwani fuata historia ya Kidd uone. Nets walimchukua Lawrence Frank, aliyewahi kumfundisha Kidd mwenyewe, aje awe msaidizi wake kwa mkataba mnono sana kwa kocha msaidizi. Haikufika krismasi. Mwanzoni mwa Desemba 2013 Frank akaondolewa benchi akapewa kazi ya kuandika ripoti za kila siku. Kocha mzima, kawa karani! Alafu timu ikaja ikakaa sawa, kutoka ushindi 10 na vipigo 21 mpaka 44-38, na Kidd alivyoona mambo mazuri akataka apewe na madaraka ya juu ya kuamua usajili, wakamkatalia, ndani ya siku chache yupo Milwaukee kwa wamiliki wapya ambao mmoja wao, Marc Lasry, wanafahamiana toka zamani. Nets wakaambulia chaguo mbili za raundi ya pili, yani nafasi za kuchagua wachezaji chipukizi. Na kumbuka Bucks, ndo hiyo timu ya Milwaukee, walikuwa na kocha wao, Larry Drew, msimu mmoja tu kazini, kasikia kiti chake kina mtu. Umeona deki hiyo?

Kuna la nyumbani ambalo wengi kijiweni hawataki liguswe, wanasema ni mambo binafsi. Januari 2001 akiwa mchezaji wa Phoenix alikamatwa kwa kumpiga mkewe wa wakati ule, akakiri kosa, akapelekwa mafunzo ya kudhibiti hasira. Na huo msimu wa kwanza wa ukocha aliuanza na adhabu ya mechi mbili kwa kesi ya kuendesha gari akiwa amelewa, gari lilipiga nguzo mwaka 2012. Mi siwezi kusema hayahusiani na ukocha. Kazi ya kocha ni kukaa na vijana wadogo miezi nane ukiwa na mamlaka juu yao, sasa mtu anavyotumia mamlaka kwa aliye dhaifu kuliko yeye usiponiambia inahusu sijui kitu gani kinahusu.

Ila subirini, sijamaliza, msinihesabie kura bado.

Kidd kijana walimtania Marekani kwa kumwita Ason, yani jina lake bila J, maana J kwa lugha yao ya mtaani ndo ule mtupo wa kuruka na yeye hakuwa nao. Mpira ukigonga ringi mpaka unaonea ringi huruma. Alafu huyuhuyu alistaafu na mitupo 1,988 ya pointi tatu iliyoingia, wakati huo wa tatu katika historia ya ligi nzima, na 2011 akiwa na miaka 38 akachukua ubingwa na Dallas kwa kuwafunga Miami. Kwa iyo mtu anayesema binadamu habadiliki aende akabishane na hiyo namba. Mtu aliyejenga upya mkono wake ukubwani hawezi kujenga na mengine?

Na kuna Giannis Antetokounmpo. Kidd kamkuta Milwaukee dogo mwembamba, timu imetoka msimu wa ushindi 15 tu. Mwaka wa kwanza wakapanda mpaka 41-41. Akamkataza kutupa pointi tatu, dogo akanuna, alafu mwaka 2016 akafanya kitu ambacho tuliona ni uchizi, akampa mtu mrefu vile aupandishe mpira yeye, awe pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi na kugawa pasi. 2017 Giannis akachukua tuzo ya mchezaji aliyeimarika zaidi, yaliyofuata mnayajua. Kidd akafukuzwa Januari 2018, ubingwa wa 2021 ukaja na kocha mwingine. Safari hii aliyeotesha mti ni yeye, waliokula maembe ni wengine. Na Giannis kamsifu hadharani, sasa mi ni nani nimkatalie.

Dallas, alikokuja kufundisha baadae, ndo kanichanganya zaidi. 2022 anakwenda Phoenix mechi ya saba ya mtoano, mpaka mapumziko nyota wake Luka Doncic peke yake ana pointi 27 na Suns, wenyeji wa Phoenix, wote kwa pamoja wana 27, mwisho 123-90. Msimu unaofuata wanapoteza ovyo, mashabiki wanazomea, anajibu kwamba yeye hachezi, anaangalia tu kama sisi. Ah! Kocha unalipwa uangalie? Hapo hata mshkaji wangu mtetezi wake alinyamaza akaagiza chai. Mwaka mmoja baadae huyohuyo yupo fainali ya 2024.

Fainali ile tuliiangalia kwenye kibanda cha supu saa tisa na nusu usiku, macho mekundu. Kabla ya mechi ya pili Kidd anaulizwa kuhusu Boston, anasema mchezaji wao bora ni Jaylen Brown. Kila mtu akajua anataka kumchokonoa Jayson Tatum, nyota mwingine wa Boston, wagombane wenyewe kwa wenyewe. Soda nyingine hiyo, safari hii kamwaga kwa mdomo. Boston wakashinda 4-1 na mchezaji bora wa fainali akawa nani? Jaylen Brown. Kidd katabiri bila kutaka.

Februari 2025 Luka akauzwa Lakers, Kidd akasema na yeye kaambiwa dakika za mwisho. Kijiweni wapo wanaoamini na wapo wanaosema mzee wa soda hawezi kukosa kujua. Mi namwamini, na naona aliyeshika taulo siku ile alikuwa yeye, amekaa mbele ya waandishi anajibia kitu ambacho kaamua mwingine.

Kwa iyo andikeni hivi, akili tisa kwa kumi, utu tano, na katika hizo tano tatu kapewa na Giannis. Na yule mtetezi wake kama anasoma hapa, Dallas walipigwa 4-1, supu na chapati mbili mpaka leo sijaziona.