Mbio za punda Lamu: si mzaha

Umeuliza kama kweli Lamu kuna mbio za punda, na kama punda hao hawateswi. Ndiyo, ni kweli, Lamu wanashindanisha punda, na wala si maonyesho ya kuwafurahisha watalii tu. Mji wa kale vichochoro vyake ni vyembamba mno, gari halipiti, kwa hiyo punda ndiye lori la huko: saruji, mawe ya matumbawe, maji, vyote mgongoni mwake. Kijana anayemwendesha kila siku kazini ndiye huyo huyo utakayemwona akipiga mbio ufukweni bila tandiko, huku watu wamejaa ukutani wakishangilia. Kumwelekeza punda aliyeshikwa na kiburi katikati ya mashindano ni kazi! Mwingine husimama tu, akaangalia bahari.

Ukitaka kuyaona, lenga Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Utakuta pia mashindano ya jahazi, kuogelea na bao. Mimi lakini ningekushauri uende wakati wa Maulidi, Mfungo Sita (mwezi wa Kiislamu wa Rabiul Awwal), kwa sababu hapo sherehe ni ya wenyeji wenyewe: Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na mwanachuoni Habib Swaleh, hujaa wageni kutoka pwani nzima, na nje vijana wanacheza kirumbizi kwa fimbo. Vaa nguo za heshima.

Na kuhusu wasiwasi wako kwamba punda wanateswa: ipo hospitali yao palepale mjini, tangu 1987, wanatibiwa bure.