Mia yako ni ya mwaka gani? Kwa wadogo zangu mnaoanza kuchimba ripoti za mwezi za uchumi wa Marekani za miaka ya 1920

Juzi kijana mmoja wa mradi wetu kaniletea chati huku kaifunika kwa kiganja, kama mtoto aliyeficha andazi. "Shikamoo dada. Nadhani nimepata kitu." Marahaba, hebu tuone. Akaondoa mkono. Mstari wa bei za jumla za Marekani unatambaa vizuri tu, halafu ndani ya 1927 unaporomoka kama embe bovu. Nikamuuliza kama amekunywa chai. Bado. Nikamwambia akanywe kwanza, kwa sababu anguko lile nalijua. Nililizaa mimi, miaka kumi na moja iliyopita.

Huyu ni wa tatu ndani ya miaka miwili. Nimechoka kusimulia kwa mdomo, basi naandika.

1. Tarehe ya jalada si tarehe ya takwimu. Muhtasari wa hali ya biashara katika Federal Reserve Bulletin, jarida la mwezi la benki kuu ya Marekani, mara nyingi unakupa uzalishaji na ajira za mwezi uliopita, halafu mikopo ya mabenki imekwishafika katikati ya mwezi huu, vyote kwenye ukurasa mmoja. Weka safu mbili: mwezi wa toleo na mwezi wa takwimu. Usiniulize kwa nini.

2. Msimu, jamani. Fedha taslimu mikononi mwa watu huongezeka Desemba kwa ajili ya Krismasi na Januari zinarudi benki. Vuli ya kule (Septemba hadi Novemba), pamba na ngano zinapotoka shambani, mikopo hupanda. Aliyekulia Mtwara hahitaji kufundishwa hili; nenda kwa wakala msimu wa korosho uombe kutoa laki tano uone atakavyokuambia hana floti. Lakini kuna mmoja wenu, simtaji, aliyeniandikia kwamba Wamarekani "walipoteza imani na uchumi" kila Januari, miaka saba mfululizo. Kila Januari! Soma kichwa cha jedwali: baadhi ya fahirisi zimeondolewa athari za msimu, nyingine hazijaguswa, na zinakaa ukurasa mmoja kama wapangaji wasiosalimiana.

3. Mwaka msingi. Hapa kaeni chini.

Fahirisi ya bei za jumla ya Bureau of Labor Statistics, ofisi ya serikali ya Marekani ya takwimu za kazi, ilikuwa inahesabiwa kwa 1913 = 100, yaani bei za 1913 zinaitwa mia, na za miaka mingine zinapimwa dhidi ya mia hiyo. Mwaka 1927 ikapangwa upya, ikawa 1926 = 100. Bulletin yenyewe ilikuwa inainukuu tu. Kwa hiyo bidhaa zile zile, sokoni kule kule, mwezi mmoja zinasomeka 145 hivi, miezi michache baadaye zinasomeka 95 hivi. Jana ulipima mahindi kwa pishi, leo unapima kwa debe, halafu unapiga mayowe kwamba mahindi yameibwa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya pili, nikinakili namba usiku kutoka kwenye picha za kurasa. Kompyuta yangu ilikuwa ya kuazima na ilifungua picha kubwa kwa kuhema. Nikajiona mjanja: kila ukurasa nikaukata, nikabakiza namba tupu. Vichwa vya jedwali nje, tanbihi nje. Yaani maelezo ya mwaka msingi niliyakata mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikayatupa, ili faili liwe jepesi.

Halafu nikachora. Theluthi nzima ya bei imeyeyuka! Nilijua kwamba bei zilianguka zaidi ya theluthi kati ya 1920 na 1921, na anguko lile dunia nzima ilililia. Na hili la 1927 je, mbona hakuna aliyelisema? Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nikajiona ndiye peke yangu mwenye macho. Sikulala. Nikaanza kutafuta chanzo.

Ubaya wa 1927 ni kwamba vyanzo unavipata kwa wingi. Mwezi Mei Ford aliacha kutengeneza gari lake la Model T, akafunga mitambo kwa miezi ili aandae gari jipya, Model A, lililotoka Desemba. Nikaandika kurasa tisa juu ya Ford. Mwezi Julai Benjamin Strong wa benki ya Federal Reserve ya New York alikutana Long Island na wenzake wa benki kuu za Ulaya, Montagu Norman wa Uingereza, Hjalmar Schacht wa Ujerumani na Charles Rist wa Ufaransa, na baada ya hapo riba ya punguzo, ile Federal Reserve inayowatoza mabenki yanapokopa kwake, ikashushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Nikaandika kwamba waliogopa anguko langu. Benki ya Federal Reserve ya Chicago walikataa kushusha mpaka Septemba, bodi ya Federal Reserve ya Washington ilipowalazimisha. Nikaandika kwamba Chicago walikuwa vipofu. Matofali yote yalikuwa ya kweli, mnaona? Ni msingi tu ndio haukuwepo.

Siku ya semina nilivaa gauni la kitenge jipya. Nimechapisha nakala ishirini. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja mstaafu ambaye wote tuliamini anakuja kwa ajili ya sambusa. Nikamaliza, watu wakapiga makofi, mzee akaweka sambusa yake kwenye sahani, akafuta vidole kimoja kimoja, akasema kwa upole, "Binti yangu, hiyo mia yako ni ya mwaka gani?"

Nikamjibu, na sitasahau, "Ni mia ya kawaida, Profesa."

Mia ya kawaida. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alitikisa kichwa taratibu, akaichukua sambusa yake akaendelea kula, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya anguko langu jekundu ukutani. Mwaka mzima wenzangu kantini walikuwa wanamuuliza mama ntilie kama chai ni ya mia ya kawaida au ya 1913.

Tiba: usiunganishe kwa kugawanya tu. Kwa kipimo cha zamani 1926 ilikuwa 151, kwa hiyo utadhani 1913 kwa kipimo kipya ni 66 na ushei. Siyo, ni 69.8, kwa sababu orodha ya bidhaa na uzito wake navyo vilibadilishwa. Tafuta mfululizo mpya uliorudishwa hadi nyuma. Na fahirisi ya uzalishaji ya Federal Reserve nayo ina mtego huo huo: ilianza na 1919 = 100, baadaye ikawa 1923–25 = 100.

4. Mgomo si mdororo. Aprili 1922 wachimba makaa waligoma, Julai wakafuata mafundi wa karakana za reli. Mwaka 1926 waliogoma ni wachimba makaa wa Uingereza, na makaa ya Marekani yakapata soko la nje.

5. Mikataba ya ujenzi: angalia takwimu zinajumlisha majimbo mangapi. Mwanzoni 27, kisha 36, kisha 37.

6. Mabenki yaliyokuwa yakiipa Federal Reserve taarifa kila wiki yalikuwa ya miji mikubwa. Hili linaniuma zaidi ya kuniudhi. Ukisoma safu ya amana na mikopo ya mabenki hayo utaona muongo mtulivu, unanawiri. Wakati huo huo benki ndogo za mashambani, Iowa, Dakota zote mbili, Georgia, zinafungwa moja baada ya nyingine: zaidi ya 5,000 kati ya 1921 na 1929, karibu 1,000 mwaka 1926 peke yake. Pamba iliyokuwa zaidi ya senti 40 kwa ratili mwanzoni mwa 1920 ilikuwa chini ya senti 15 mwaka ulipoisha, na mkulima aliyekopa kununua shamba kwa bei ya 40 atalipa nini kwa bei ya 15? Wakulima wa pamba Uganda nao walilionja anguko lile. Basi ukiandika "mabenki yalikuwa imara", andika ya nani.

7. Mikopo ya madalali wa hisa, vuli 1929: Federal Reserve wanasema dola bilioni 6.8, soko la hisa la New York lenyewe linasema 8.5. Zote sahihi, kila mmoja alihesabu kwa mipaka yake. Taja unatumia ipi.

8. Matoleo ya kiangazi cha kule (Juni hadi Agosti) cha 1929 yasomeni kwa kufunika kwa mkono Oktoba, soko la hisa lilipoanguka. Uzalishaji ulikwishaanza kulegea baada ya Juni, na lugha ya muhtasari ni ya upole mno, kupungua kidogo hapa, kidogo pale. Ndivyo ilivyoandikwa mwezi ule. Usiwawekee mdomoni hofu ambayo bado hawakuwa nayo.

Nilikuwa na la tisa, ila kijana amerudi kutoka kwenye chai. Bei amezirekebisha, Mungu ambariki. Sasa ana chati ya ujenzi, na ndani yake nyumba za Marekani zimeruka ghafla mwezi mmoja kama zimemwagiwa mbolea. Nimemuuliza ni majimbo mangapi. Ameenda kuhesabu.