Ukungu umerudi baada ya upasuaji wa jicho

Daktari, shikamoo. Mama alitolewa mtoto wa jicho miaka miwili iliyopita, akaona vizuri kabisa. Sasa ukungu umerudi, na taa za magari usiku zinamtawanyikia. Ameota tena? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Hawezi kuota tena, kwani lenzi iliyougua ilishatolewa. Kinachobaki ndani ni kifuko chake chembamba, ambamo huwekwa lenzi ya bandia. Chembe chache za lenzi ya zamani hutambaa taratibu kwenye ukuta wa nyuma wa kifuko hicho na kukitia ukungu. Hutokea sana, wala si kosa la aliyempasua.

Tiba yake ni leza, yaani mwale mkali wa mwanga, iitwayo YAG. Mama atatiwa matone ya kupanua mboni, ataegemeza kidevu kwenye mashine, atasikia milio midogo, tik, tik. Hakuna kisu, hakuna uzi, hakuna kulazwa. Ndani ya dakika chache tundu linafunguliwa katikati ya ukungu na mwanga unapita. Mzee mmoja niliyemhudumia alikuwa amekaa karibu mwaka mzima nyumbani akiamini ndiyo uzee. Kesho yake alinisomea tarehe kwenye kadi yake ya kliniki, kisha akairudia polepole, kidole kikifuata maandishi. Mwaka ule aliopoteza unaniuma hadi leo.

Baada ya leza apimwe presha ya jicho. Akiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vya ghafla au kama pazia linashuka, arudi siku hiyo hiyo: huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka.

Nimepasuliwa siku nne zilizopita. Jicho limekuwa jekundu, linauma sana na uoni unapungua. Nisubiri siku ya kliniki? – Morogoro

Usisubiri, ndugu yangu. Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku. Huenda vijidudu vimeingia ndani ya jicho, na matone peke yake hayawafikii. Antibiotiki huchomwa ndani ya jicho lenyewe. Ukikaa siku moja zaidi unaweza kulipoteza. Na usitie maziwa ya mama wala dawa ya majani.

Babu alipasuliwa zamani bila kuwekewa lenzi. Miwani yake minene imevunjika. Anaweza kuwekewa sasa? – Machakos

Mara nyingi inawezekana, konea (kioo cha mbele ya jicho) na retina zikiwa nzima. Kwa sasa mtengenezeeni miwani nyingine, asikae bila kuona.

Bibi alipasuliwa kope zilizogeukia ndani kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Zimeanza kumchoma tena. – Dodoma

Kope hurudi kwa baadhi ya wagonjwa, na upasuaji hurudiwa, ila afanyiwe na mtu mzoefu. Zikiwa mbili tatu tu, mhudumu wa macho anaweza kuzing'oa kwa kibano wakati anasubiri. Msizikate kwa mkasi: kisiki kinachobaki ni kigumu, na kila anapopepesa kinamkwaruza konea.