Mama yangu alipona, mwalimu je?

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza kama kujitolea kunaleta afya ya akili kwa umri wowote, mkataja utafiti wa Uingereza wa 2016 uliotumia taarifa za kaya zilizofuatiliwa kati ya 1996 na 2008: wanaojitolea walikuwa na hali nzuri zaidi ya akili, lakini tofauti hiyo ilianza kuonekana kwenye miaka 40 hivi, ikaendelea hadi uzeeni. Kwa wazee sina ubishi. Mama yangu hapa Mikindani alipotoka eda alikuwa hapati usingizi. Wenzake wakamrudisha kwenye kuosha maiti na kupika misibani, usingizi ukarudi.

Mimi nataka kusema juu ya vijana, tena kwa hasira. Huku kwetu kijana mwenye shahada hujitolea kwa sababu ajira haijatoka. Mtoto wa mdogo wangu amefundisha hesabu shule moja ya kijijini huko Newala kwa michango ya wazazi, inayopatikana korosho zikiuzwa na kupotea mvua zikikolea. Kila majina ya ajira yalipotoka bila lake, alizidi kunyamaza. Akawa hali chakula, hapokei simu. Kumwambia kijana huyo kwamba kujitolea ni dawa ni kumtukana.

Lakini kuna ya Mei 2024. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwenye usaili, kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika huko Kilwa na basi lao likakwama. Aliponipigia alizungumza mpaka salio likaisha, yeye ambaye hata salamu alikuwa akijibu kwa shida. Kulikuwa na mama mwenye mapacha, na mzee wa Ruangwa anayepelekwa Muhimbili, picha zake za eksirei kazikumbatia zisilowe. Vijana wengine walidai pesa kuvusha mizigo. Yeye na kondakta walibeba bure. Akachana karatasi za daftari la maandalio ya somo, akaandika wagonjwa na wenye watoto wavuke kwanza, akawa anaita majina kama darasani. "Mamkubwa," akaniambia, "watu walikuwa wananisikiliza." Usaili ulimpita. Alirudi Newala anakula.

Nikisoma nilichoandika hapo juu, naona nimekaza mno. Mtoto yule hajafika hiyo 40, na kusaidia watu kulimwinua. Nadhani ni kwa sababu pale Kilwa hapakuwa na ahadi ya ajira ya kumtesa, na kazi iliisha barabara ilipopitika. Siku chache hizo si sawa na miaka ya kufundisha bure, nalikubali hilo. Tena aliyefika pa kukosa usingizi na chakula aende hospitali kwanza.

Kwa hiyo ndiyo, hata kijana, ila aandikiwe tarehe ya mwisho, na apewe nauli na chakula. Na wazazi wa Newala wamlipe mwalimu pesa ya mnada wa kwanza wa korosho ikitoka, asingojeshwe wa mwisho.