Jibu: Namvuta mwenzangu, mwishoni anakatika

Habari ndugu. Unasema kwenye mbio za baiskeli ukimvuta mwenzako, yaani ukimtangulia kumkinga upepo ili achomoke mwishoni, mita 300 za mwisho anaachwa na gurudumu lako. Kabla ya kulaumu miguu yake, angalia unavyoongeza kasi. Mimi nilikuwa nachomoka ghafla tukitoka Kisesa kuingia Igoma, Mwanza. Mwenzangu anabaki urefu wa baiskeli mbili, upepo unammaliza. Siku hizi napandisha kidogo kidogo, na kwenye kona nasubiri nisikie tairi lake nyuma ndipo nikanyage. Upepo ukitoka kushoto, mwachie nafasi kulia kwako.

Na usiione kazi ndogo! Hatua ya mwisho ya Tour de France 2009, Mark Renshaw alimvuta mwenzake wa timu, Mark Cavendish, akashinda, na Renshaw mwenyewe akawa wa pili.

Mnatumia gia gani mwishoni?