Mpishi wa Mombasa, kijana wa Tanga: nani anahitaji kibali cha kazi Zanzibar?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyumba ya wageni ya vyumba tisa huku Jambiani. Msimu umekaribia na nataka watu watatu. Wa kwanza ni mpishi wa Mombasa, Kiswahili chake chetu tu, na bibi yake mzaa mama ni mtu wa Micheweni, Pemba. Amenitumia kwa simu picha ya kibali cha kazi alichokuwa nacho hoteli aliyotoka, na bado hakijaisha muda. Wa pili ni kijana wa Tanga, kadi ya kitambulisho cha taifa hana, ana namba ya NIDA tu. Wa tatu ni msichana wa Kijerumani, atanisaidia kupiga picha na kuandika mitandaoni miezi miwili bila mshahara, mimi nimpe chumba na chakula. Niangalie nini kabla hawajaanza?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na mpishi, maana hapo ndipo wenye nyumba za wageni wengi wanapoteleza.

Mtu anayesema kama sisi, anayekula kama sisi na mwenye jamaa zake Pemba, moyo haukubali kumwita mgeni. Lakini sheria inauliza uraia wake, na kama pasi yake ni ya Kenya, basi kwenye ajira ni mgeni sawasawa na Mfaransa. Asili ya bibi yake haimpi uraia wa Tanzania. Kama anadai anayo haki hiyo, alipeleke dai lake Uhamiaji, na mpaka lijibiwe wewe mhesabu mgeni. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lililoanza Julai 2010 limerahisisha mengi, ila halikuondoa kibali cha kazi.

Sasa hicho kibali alichokutumia. Niliwahi kufanya kazi kwenye hoteli moja ya pwani ambayo ilimchukua mpishi mwenye kibali kizuri kabisa: picha yake, muhuri, tarehe bado mwaka mzima mbele. Alipokuja mkaguzi hakuangalia tarehe. Aliteremsha kidole mpaka kwenye jina la mwajiri, akakiweka hapo, akatutazama. Jina lililoandikwa lilikuwa la hoteli nyengine. Nilikuwa nimekishika kibali kile kwa mikono yangu na sikuusoma mstari ule. Tangu siku hiyo huanza na jina la mwajiri, kisha kazi iliyoandikwa, na tarehe huwa ya mwisho. Kibali hutolewa kwa mtu huyu, kwa kazi hii, kwa mwajiri huyu. Akihama, mwajiri mpya anaomba upya. Kwa hiyo kibali cha mpishi wako kwako hakina kazi, hata kikiwa halali kwa alikotoka.

Na vibali ni viwili, dada yangu, vinavyotoka milango miwili. Kibali cha kazi kwa huku Zanzibar kinatolewa na Kamisheni ya Kazi, chini ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kibali cha ukaazi kinatolewa na Uhamiaji, na kwa mwajiriwa ni daraja B. Kimoja hakisimami badala ya mwenzake. Nakutahadharisha pia na fomu zinazozunguka kwenye simu: nyingi ni za Bara, zinatokana na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, ambayo kwetu haitumiki, kwa sababu mambo ya kazi si ya Muungano. Uhamiaji ndio wa Muungano. Ukishika tofauti hiyo hutapotea mlango.

Picha ya kwenye simu usiikubali. Taka vibali vyenyewe pamoja na pasi, ulinganishe jina herufi kwa herufi na namba ya pasi. Risiti ya maombi nayo inaonyesha kwamba mtu ameomba, haionyeshi kwamba amepewa.

Kijana wa Tanga hana shida hizo. Ni Mtanzania, hahitaji kibali cha kazi, na usimdai kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kana kwamba bila hicho hawezi kuajiriwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Ziweke kando ya cheti chake cha kuzaliwa. Kama cheti kinasema 1999 na namba inaanza na 2001, muulize kwa upole kabla hujaandika mkataba. Angalia na jina: “Hamisi” huku na “Khamis” kule ni jambo dogo leo, ila litamsumbua siku ya kufuatilia michango yake ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar.

Msichana wa Kijerumani anakuja kufanya kazi. Kutolipwa fedha hakubadilishi hilo, na chumba na chakula ni malipo. Viza ya matembezi haimruhusu. Ama umuombee vibali kabla hajapanda ndege, ama aje awe mgeni wako wa kawaida, apige picha zake mwenyewe.

Kila mmoja mfungulie faili: kopi za vitambulisho au vibali, mkataba, na tarehe uliyoziona hati zenyewe. Pasi ukishaitoa kopi mrudishie mwenyewe hapo hapo, usiifungie kabatini hata akikuomba umtunzie. Tarehe za kumalizika vibali viwili ziandike kwenye kalenda ya ofisini, kwa sababu mara nyingi haziangukii siku moja.

Na mpishi mwambie leo kwamba unamuombea, ila jikoni asiingie mpaka vyote viwili vipatikane. Najua utatamani umuonje kwa siku tatu za majaribio. Akishashika mwiko mbele ya wageni wako, ameshaanza kazi.