Je, Luther alileta "ubinafsi" Ulaya?

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Mwanafunzi wangu kaandika: "Martin Luther alileta ubinafsi Ulaya kwa kufuata dhamira yake." Naona sentensi haijakaa sawa ila nashindwa kusema kwa nini. Nimsahihishe vipi?

JIBU: Mwalimu, tuanze na ubinafsi. Hilo ni neno la lawama. Anayelisoma humfikiria mtu anayejipakulia minofu na kuwaachia wenzake mchuzi. Binafsi lenyewe halina ubaya (shule binafsi, maoni binafsi), lakini likishavaa u- watu husoma choyo.

Sasa tazama kilichotokea. Mwaka 1521 mjini Worms, Ujerumani, mbele ya Kaisari Karl V, Luther, mtawa Mjerumani aliyepinga mafundisho kadhaa ya Kanisa Katoliki, alitakiwa ayakane maandishi yake. Akakataa, akisema dhamiri yake imefungwa na neno la Mungu. Imefungwa! Hakudai kufanya atakalo. Na hapo dhamira nayo inaponza: dhamira ni nia au kusudio, ndiyo maana tunachambua dhamira za riwaya. Sauti ya ndani inayomsuta mtu ni dhamiri, kama ilivyo katika Warumi 2:15, "dhamiri yao ikiwashuhudia". Magazeti huyachanganya maneno haya kila siku, nami huwa napita tu, ila hapa kuyachanganya kunaharibu historia yenyewe.

"Alileta" nalo ningelilegeza. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki wa mwaka 1215, ulikwishaagiza kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua mambo aungame kwa padri walau mara moja kwa mwaka, dhambi zake mwenyewe. Baba hakuweza kuungama kwa niaba ya ukoo. Walioisukuma mbali zaidi hoja ya kila mtu kujibu mwenyewe ni Waanabaptisti wa Zürich, Uswisi, waliobatizana ukubwani Januari 1525 kwa kuwa, kwao, mtoto mchanga hawezi kuamini. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat mwaka 1527 kwa ajili hiyo. Walutheri, kwa upande wao, walikubali katika Amani ya Augsburg ya 1555 kwamba mtawala ndiye achague dini ya eneo lake, si kila mtu kwa nafsi yake.

Basi mwanafunzi aandike: "Mafundisho ya Luther yalichangia wazo kwamba mtu binafsi hujibu mwenyewe mbele za Mungu, kwa dhamiri yake." Akitaka jina la itikadi, "falsafa ya kumtanguliza mtu binafsi" inatosha, ingawa ni ndefu. Wapo wanazuoni wanaoandika "ubinafsi" hapo; sawa, mradi waeleze maana wanayoikusudia kabla msomaji hajakasirika.